Kimo cha Kitu Kilichorushwa: Namna ya Kuunda Mlinganyo Wake na Kuusoma

Rusha mpira juu, wima kabisa, kisha usimame uutazame. Unatoka mkononi kwa kasi, kasi inapungua kadiri unavyopanda, unafika mahali ukawa kama umetulia hewani, halafu unarudi chini huku ukizidi kwenda mbio. Safari yote ni sekunde mbili tatu. Ndani ya sekunde hizo kimo cha mpira hakitulii hata kidogo, na mabadiliko yenyewe hayalingani: mwanzoni makubwa, kileleni karibu na hakuna, mwishoni makubwa tena. Hata hivyo yote hayo yanaingia katika mstari mmoja:

h = h₀ + v₀t − 4.9t²

Huu ni mlinganyo wa kipeo cha pili, kwa sababu kipeo kikubwa kabisa cha t ni 2. Herufi h ni kimo kwa mita, t ni muda kwa sekunde. Wanafunzi wengi huukariri, huuandika kwenye mtihani, na siku swali likibadilishwa kidogo wanakwama. Nakusihi usiukariri. Kila namba iliyomo ina kazi yake, na ukiifahamu kazi hiyo utauandika mwenyewe kutoka kwenye tukio lolote utakaloliona.

Vipande vitatu

Soma mlinganyo kama maelezo ya safari. h₀ ni mahali kitu kilipoanzia, yaani kimo chake saa inapoanza kuhesabu. v₀t ni umbali ambao kitu kingepanda kama kusingekuwa na mvutano wa dunia: kasi ya kuanzia mara muda, basi. Kipande cha mwisho, 4.9t², ni kile ambacho mvutano umekinyang'anya kitu hicho tangu kilipoachiwa.

Tazama uzuri wa mpangilio huo. Mpira uliorushwa kwa mita 12 kwa sekunde, baada ya sekunde moja, ungekuwa umepanda mita 12. Mvutano umeondoa mita 4.9. Umebaki na mita 7.1 juu ya mahali ulipoanzia. Baada ya sekunde mbili ungekuwa umepanda mita 24, lakini mvutano umeondoa 19.6. Kasi inaongeza kwa hatua zinazolingana, mvutano unaondoa kwa hatua zinazokua. Ndiyo maana hata urushe kwa nguvu gani kwa mkono wako, mvutano utashinda tu. Kinachobadilika ni muda utakaochukua kushinda.

4.9 inatoka wapi

Kitu kinachoanguka huongeza kasi yake kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Huo ndio mchapuko wa mvutano, na huandikwa g. Hautofautiani sana duniani kote: kwenye ikweta ni kama 9.78, kwenye ncha za dunia kama 9.83.

Sasa chukua jiwe lililoachiwa tu, bila kusukumwa. Lilianza na kasi sifuri, na baada ya sekunde t lina kasi ya 9.8t. Kwa kuwa kasi imekua sawasawa kutoka sifuri, wastani wake ni nusu ya kasi ya mwisho, yaani 4.9t. Wastani wa kasi mara muda ni umbali: 4.9t × t = 4.9t². Nusu ya 9.8 ndiyo 4.9, na t inajizidisha yenyewe kwa sababu muda unafanya kazi mara mbili, mara ya kwanza kukuza kasi, mara ya pili kukuza umbali.

Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliliona jambo hili kabla ya kuwapo saa ya kuhesabu sekunde vizuri. Kwa kuwa kitu kinachoanguka wima kinakwenda haraka mno, aliviringisha mipira ya shaba nyeusi kwenye mfereji uliochongwa katika ubao ulioinamishwa, akapima muda kwa kupima uzito wa maji yaliyochuruzika kutoka kwenye chombo. Matokeo aliyachapisha mwaka 1638. Katika vipindi vya muda vinavyolingana, umbali ulifuata namba witiri: 1, kisha 3, kisha 5, kisha 7. Jumlisha: 1, 4, 9, 16. Hizo ni namba za mraba, na hapo ndipo t² ilipojitokeza.

Tahadhari moja ya vipimo. Vitabu vya Marekani mara nyingi huandika 16t² mahali pa 4.9t², kwa sababu wanapima kwa futi. Ukichanganya 16 na mita, jibu lako limeharibika tangu mwanzo. Vilevile, kasi ukipewa kwa kilomita kwa saa, igawanye kwa 3.6 kwanza: kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde.

Hatua ya kwanza: amua sifuri iko wapi

Kabla ya kuandika namba yoyote, chora mchoro mdogo. Mstari wa ardhi, kitu, mshale wa kasi. Kisha jiulize mambo matatu: kimo sifuri ni wapi, upande upi ni chanya, na saa inaanza kuhesabu lini.

Ninasisitiza hatua hii kuliko nyingine zote, maana makosa mengi niliyoyaona kwenye madaftari yamezaliwa hapa. Mtu anaanza na sifuri kwenye ardhi, katikati ya hesabu anahamia kwenye paa bila kujua, halafu anashangaa kwa nini jibu ni hasi. Sifuri inaweza kuwa popote upendapo, ila ukishaichagua usiihamishe.

Mimi hupendelea ardhi iwe sifuri na juu iwe chanya. Kwa chaguo hilo, mvutano daima ni hasi, kwa kuwa unavuta chini hata kitu kikiwa kinapanda. Kasi ya kuanzia ni chanya kitu kikirushwa juu, hasi kikirushwa chini, na sifuri kikiachiwa tu.

Hatua ya pili: andika mlinganyo

Tuchukue mfano mmoja tuukae nao kwa muda. Mpira unarushwa wima kutoka kimo cha mita 1.5 kwa kasi ya mita 12 kwa sekunde. h₀ ni 1.5, v₀ ni 12. Basi:

h = 1.5 + 12t − 4.9t²

Kazi ya kuunda imekwisha. Yaliyobaki ni kuuliza maswali na kusoma majibu.

Hatua ya tatu: tengeneza jedwali dogo

Wengi huiruka hatua hii wakikimbilia kanuni. Usiiruke. Weka thamani chache za t na uone mpira unafanya nini:

t = 0: h = 1.5
t = 0.5: h = 6.275
t = 1.0: h = 8.6
t = 1.5: h = 8.475
t = 2.0: h = 5.9
t = 2.5: h = 0.875

Kwa kutazama tu, kilele kiko kati ya sekunde 1.0 na 1.5, na mpira unagusa ardhi muda mfupi baada ya sekunde 2.5. Sasa hata kikokotoo kikikupa jibu la ajabu, utajua kwamba umekosea kubonyeza.

Kuna jingine ndani ya jedwali hilo. Toa kila kimo kutoka kwa kinachokifuata: 4.775, 2.325, −0.125, −2.575, −5.025. Kisha toa tena tofauti hizo, moja kutoka kwa nyingine. Utapata −2.45 kila mara, bila kuyumba. Hiyo ndiyo alama ya mlinganyo wa kipeo cha pili: tofauti za kwanza hubadilika, tofauti za pili husimama. Na 2.45 yenyewe si ya bahati. Ni 9.8 mara 0.5 mara 0.5, mchapuko wa dunia umejificha kwenye safu ya namba. Kumbuka jambo hili, tutalitumia mbele kwenye mpira halisi.

Ukizichora nukta hizo kwenye grafu, muda ukiwa mhimili wa chini na kimo ukiwa mhimili wa kusimama, utapata upinde unaoitwa parabola, mdomo wake ukitazama chini. Angalia hapa: mpira huu ulirushwa wima, ukapanda na kushuka katika mstari uleule. Upinde uliochora si njia uliyopita mpira. Ni kumbukumbu ya kimo chake kwa muda. Watu wengi sana huvichanganya vitu hivi viwili, na grafu ikawadanganya kwamba mpira ulikwenda mbele.

Hatua ya nne: kilele

Kileleni kasi ni sifuri. Kasi wakati wowote ni v₀ − 9.8t, kwa hiyo:

12 − 9.8t = 0
t = 12 ÷ 9.8 = 1.224

Kimo cha hapo tunakipata kwa kurudisha muda huo kwenye mlinganyo: 1.5 + 12(1.224) − 4.9(1.224)², ambayo ni mita 8.85 hivi. Njia fupi ni kuchukua h₀ ukajumlisha v₀² ÷ 19.6, yaani 1.5 + 144 ÷ 19.6. Jibu ni lilelile.

Ukitaka kuuona mlinganyo wenyewe ukitaja kilele chake, ukamilishe mraba, yaani uuandike upya ili t ibaki ndani ya mraba mmoja tu:

h = 8.85 − 4.9(t − 1.224)²

Usome taratibu. Anzia kileleni, mita 8.85. Kisha ondoa 4.9 mara mraba wa umbali wa muda kutoka kileleni. Mraba haujali kama umetangulia kilele au umekipita, ndiyo sababu kupanda na kushuka ni picha moja iliyokunjwa katikati. Sekunde 0.5 kabla ya kilele na sekunde 0.5 baada yake, mpira uko kimo kilekile. Fikra hii peke yake hukuokolea hesabu nyingi.

Hatua ya tano: mpira unatua lini, na jibu la pili lina maana gani

Kutua ni h = 0:

4.9t² − 12t − 1.5 = 0

Nimebadilisha alama zote ili t² iwe chanya, inarahisisha tu. Sasa tumia kanuni ya milinganyo ya aina ya at² + bt + c = 0:

t = [−b ± √(b² − 4ac)] ÷ 2a

Hapa a = 4.9, b = −12, c = −1.5. Ndani ya alama ya kipeuo (√): 144 + 29.4 = 173.4, na kipeuo chake cha pili ni 13.17.

t = (12 + 13.17) ÷ 9.8 = 2.57
t = (12 − 13.17) ÷ 9.8 = −0.12

Mpira unatua baada ya sekunde 2.57 hivi. Jibu la pili kwa kawaida tunafundishwa kulitupa kwa kuwa muda hauwezi kuwa hasi. Ni kweli haliwezi kuwa muda wa kutua kwa mpira wetu, lakini kabla hujalitupa lisikilize. Linasema: kama mpira huu ungekuwa umerushwa kutoka ardhini, na ukapita kwenye kimo cha mita 1.5 ukiwa na kasi ya mita 12 kwa sekunde wakati saa inaanza, ungekuwa umeondoka ardhini sekunde 0.12 kabla. Mlinganyo haujui kwamba kulikuwa na mkono. Unaifahamu parabola nzima, na wewe ndiye unayejua ni kipande kipi kilichotokea kweli.

Wakati mwingine majibu yote mawili ni halali. Uliza mpira unapita mita 6 lini:

4.9t² − 12t + 4.5 = 0

Majibu ni 0.46 na 1.99. La kwanza ukipanda, la pili ukishuka. Swali likisema "kwa mara ya kwanza", chukua dogo. Likisema "akaudaka akiwa kwenye ngazi wakati unarudi", chukua kubwa. Maneno ya swali ndiyo yanayochagua.

Kilichomo ndani ya alama ya kipeuo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo hesabu na fizikia zinashikana mikono na sioni ikielezwa mara nyingi.

Uliza mpira unafika mita 10 lini. Mlinganyo ni 4.9t² − 12t + 8.5 = 0, na ndani ya kipeuo kuna 144 − 166.6 = −22.6. Namba hasi haina kipeuo cha pili miongoni mwa namba za kawaida, kwa hiyo hakuna jibu. Maana yake ni nyepesi: mpira haufiki mita 10 kamwe, kilele chake ni 8.85. Ungeuliza kuhusu kimo cha kilele chenyewe, ndani ya kipeuo pangekuwa sifuri na jibu moja tu.

Lakini kwa nini iwe hivyo? Rudi kwenye hesabu ya kutua. Kipeuo kilikuwa 13.17. Sasa tafuta kasi ya mpira unapogusa ardhi: 12 − 9.8 × 2.57. Utapata −13.17, tofauti ndogo ikitokana na kukadiria. Ni namba ileile. Kilichomo ndani ya kipeuo ni mraba wa kasi ya kitu kikiwa kwenye kimo unachokiulizia. Kwenye mita 6 kipeuo ni 7.47, na mpira unapita hapo kwa mita 7.47 kwa sekunde, ukipanda na hata ukishuka. Kwenye kilele kasi ni sifuri, ndiyo maana kipeuo ni sifuri. Juu ya kilele hakuna kasi yoyote inayoweza kuwapo, kwa sababu mpira haujawahi kufika huko, na hesabu inakukatalia kwa kukupa namba hasi.

Jaribu hili pia. Simama kimo cha mita 20. Rusha jiwe moja juu kwa mita 5 kwa sekunde, jingine chini kwa kasi hiyohiyo. Milinganyo ni h = 20 + 5t − 4.9t² na h = 20 − 5t − 4.9t². Ndani ya kipeuo kote kuwili ni 25 + 392 = 417, kwa kuwa mraba hauoni alama. La kwanza linatua baada ya sekunde 2.59, la pili baada ya 1.57, lakini yote yanagonga ardhi kwa mita 20.4 kwa sekunde. Lililorushwa juu lilizunguka kwanza, likapita tena pale lilipoanzia likielekea chini kwa mita 5 kwa sekunde, na kuanzia hapo safari zikawa sawa.

Kuunda mlinganyo kutoka kwa mpira halisi

Mpaka sasa namba zote tumepewa. Katika maisha hakuna anayekupa v₀. Unachokuwa nacho ni simu yenye kamera na mpira.

Bandika ukutani kitu chenye urefu unaoujua, kwa mfano fimbo ya mita 1 iliyosimama wima. Weka simu mahali pasipotikisika, mbali kiasi, kimo cha kati cha safari ya mpira. Mpira uende karibu na ukuta, la sivyo fimbo na mpira havitakuwa na kipimo kimoja kwenye picha. Piga video, kisha isogeze fremu moja moja. Kamera ya fremu 30 kwa sekunde ina maana fremu 6 ni sekunde 0.2.

Tuseme umesoma vimo hivi: t = 0, mita 0.90; t = 0.2, mita 1.91; t = 0.4, mita 2.52. Nukta tatu zinatosha kutoa parabola moja.

Tofauti za kwanza ni 1.01 na 0.61. Tofauti ya pili ni −0.40. Namba iliyo mbele ya t² ni tofauti ya pili ikigawanywa kwa mara mbili ya mraba wa kipindi: −0.40 ÷ (2 × 0.04) = −5.0. Kisha kasi ya kuanzia. Katika sekunde 0.2 za kwanza mpira ulipanda mita 1.01, na mvutano uliondoa 5.0 × 0.04 = 0.20. Bila mvutano ungepanda 1.21, na 1.21 ÷ 0.2 ni 6.05. Mlinganyo wako:

h = 0.90 + 6.05t − 5.0t²

Unatabiri kilele kwenye sekunde 0.605, kimo cha mita 2.73. Rudi kwenye video ukakitafute. Furaha ya kuukuta mpira umesimama pale ulipotabiri ni kubwa, hasa kwa mtu ambaye siku zote aliona herufi tu.

Umepata 5.0, si 4.9. Hakuna ubaya, lakini ujue kwa nini. Ukikosea sentimita 1 tu kusoma nukta ya katikati, tofauti ya pili inahama kwa sentimita 2, na namba ya mbele ya t² inahama kwa 0.25. Ni nyingi. Tiba ni kutanua vipindi: ukisoma kwenye 0, 0.5 na 1.0, kosa lilelile la sentimita 1 linahamisha namba hiyo kwa 0.04 tu. Kwa hiyo rusha mpira juu zaidi, na uchague nukta zilizo mbalimbali badala ya zilizosongamana.

Mfano wa jiwe na kisima

Jiwe linaachiwa kisimani, na unasikia kishindo cha maji baada ya sekunde 2. Kina ni kiasi gani? Jibu la haraka ni 4.9 × 4 = mita 19.6. Ila sekunde 2 hizo ni za jiwe kushuka pamoja na za sauti kupanda. Sauti hewani husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Muda wa kuanguka ukiwa t, kina ni 4.9t², na sauti inachukua 4.9t² ÷ 340 kurudi:

t + 0.0144t² = 2

Ni mlinganyo wa kipeo cha pili tena, kutoka pembeni usipotarajia. Jibu chanya ni sekunde 1.945 hivi, na kina ni mita 18.5. Kupuuza sauti kungekukosesha mita nzima na zaidi.

Kitu kikirushwa kwa pembe

Hapa kuna habari njema: mlinganyo wa kimo haubadiliki. Mvutano unavuta chini tu, haujishughulishi na mwendo wa kwenda mbele. Unachohitaji ni kuigawa kasi sehemu mbili. Kitu kikirushwa kwa kasi v na pembe θ kutoka ardhi tambarare, sehemu ya kupanda ni v × sin θ, ya kwenda mbele ni v × cos θ (sin na cos ni namba za pembe ambazo kikokotoo hukupa).

Mpira wa mita 20 kwa sekunde kwa nyuzi 30 una kasi ya kupanda 10 na ya kwenda mbele 17.3. Kimo ni h = 10t − 4.9t², unatua baada ya sekunde 2.04, na kwa muda huo umesonga mbele mita 35 na kidogo. Ukitaka njia yenyewe hewani, badilisha t kwa x ÷ 17.3, x ikiwa umbali wa mbele:

h = 0.577x − 0.0163x²

Sasa hii ndiyo parabola unayoiona kwa macho. Namba iliyo mbele ya x² si 4.9 tena, na mtu asishangae: mhimili wa chini sasa ni mita, si sekunde.

Mahali mlinganyo unapokoma

Yote haya yanasimama juu ya sharti kwamba mvutano ndio pekee unaofanya kazi. Kwa jiwe au mpira mzito wa kasi ndogo, hewa inaweza kupuuzwa. Kwa unyoya, puto au karatasi, haiwezekani hata kidogo. Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya wa kipanga kwa pamoja akiwa Mwezini, ambako hakuna hewa, na vyote viwili vikagusa vumbi wakati mmoja. Huko Mwezini g ni 1.62, kwa hiyo 4.9 inakuwa 0.81. Mpira wetu wa mita 12 kwa sekunde ungepanda hadi karibu mita 46.

Roketi nayo haifuati mlinganyo huu injini ikiwa inawaka, maana inasukumwa muda wote. Unaanza kuutumia pale mafuta yanapokatika, kwa h₀ na v₀ za wakati huo, na hata hapo kama haijapanda mbali sana.

Na mpira ukidunda, mlinganyo wa zamani umekufa ulipogusa ardhi. Kila mdundo una mlinganyo wake, na unaweza kuupata bila kuona mpira. Rekodi sauti ya midundo kwa simu na upime muda kati ya kishindo kimoja na kinachofuata, uite T. Mpira uliondoka ardhini na kurudi ardhini, kwa hiyo kilele kilikuwa katikati, kwenye T ÷ 2, na kimo chake ni 4.9 × (T ÷ 2)², yaani 1.225T². Vishindo vilivyoachana kwa sekunde 0.8 ni mdundo wa sentimita 78. Pima na unaofuata, na ule wa baada yake, uone kila mdundo unabakiza sehemu gani ya kimo cha uliotangulia.